Wauguzi wa Saratani Wapande Ngazi za Lucky Summer

Na Zuhura Mwende

Tiba shufaa ni huduma anayopewa mgonjwa wa maradhi mazito ili maumivu na dhiki zake zipungue, hata pale ugonjwa wenyewe hauponi tena. Haimngoji mgonjwa awe mahututi. Inafaa ianze sambamba na kemo au mionzi. Ilipata sura yake ya sasa mwaka 1967, Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea udaktari baadaye, alipofungua Hospisi ya St Christopher's jijini London. Alifundisha kwamba maumivu hayakai mwilini tu. Kwa mama mgonjwa wa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, yamo pia katika karo ya watoto, kodi ya nyumba na swali la nani atawalea.

Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Dkt Anne Merriman alihudumu hapo kabla ya kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Huko Kampala, unga wa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, ulichanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kenya, mwaka 2020 pekee, ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000 na vifo 27,000.

Kutoka Lucky Summer hadi Kenyatta mtu hupanda matatu hadi mjini, kisha nyingine. Mwenye saratani iliyoingia mifupani huadhibiwa na kila tuta la barabara. Kabla ya hapo kuna ngazi: ploti nyingi za ghorofa hazina lifti, na mgonjwa hushushwa mabegani mwa vijana. Upepo ukigeuka, moshi wa jaa la Dandora humzidishia kikohozi mwenye mapafu mabovu. Mahali pa huduma hii ni chumbani kwake.

Akifika, muuguzi huanza kwa kuuliza maumivu ni kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, na jibu la mgonjwa ndilo linaloaminiwa. Mofini ya maji hunywewa kila saa nne bila kungoja maumivu yarudi. Ya usiku huweza kuongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale. Hufuatana na dawa ya kulainisha choo. Hofu ya uraibu, ambayo hata baadhi ya wahudumu wanayo, imewanyima wengi nafuu bila sababu: dozi inayopimwa kulingana na maumivu ni tiba.

Kisha kuna harufu, ambayo watu huionea haya kuitaja. Saratani ya titi iliyopasuka nje hutoa harufu inayofukuza wageni, na katika chumba kimoja chenye watoto hakuna pa kuikimbia. Vidonge vya metronidazoli vikisagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda kilichooshwa, harufu hupungua sana. Majirani huanza tena kuingia. Dawa hiyo ni rahisi, tena inajulikana. Anayekosekana ni wa kuwaonyesha jamaa namna ya kuitumia.

Jamaa nao ni wa kuhudumiwa. Binti anayemgeuza mamake kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya kulalia, huchoka. Hujiona mkosaji mgonjwa asipokula, akamlazimisha uji. Muuguzi humweleza kuwa mwili unaoelekea mwisho hauhitaji chakula kama zamani, na kwamba kulowesha midomo kunatosha. Wengine husihi mgonjwa asiambiwe ukweli. Muuguzi mzuri humuuliza mgonjwa mwenyewe anajua nini na angependa kujua nini zaidi. Baada ya mazishi hurudi kuwajulia hali wafiwa. (Kamati ya mazishi, ole wetu, hukusanya fedha upesi kuliko kamati ya dawa.)

Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa mikoba ya kazi. Hao wanajua mlango wa kila mgonjwa, ila hawawezi kumpa mofini. Kaunti ya Nairobi iwaajiri wauguzi wa tiba shufaa katika vituo vya afya vya Ruaraka, eneo ulimo mtaa wa Lucky Summer, iwape dawa na nauli, wapande hizo ngazi.