Saa Nne Kwenye Piano Si Mazoezi

Mzazi akitaka kunionyesha bidii ya mwanawe hunitajia saa. "Mwalimu, huyu akikaa kwenye piano ni saa nne, hainuki." Husema kwa fahari, na mtoto kando yake hutabasamu. Mimi huumia. Imani hii kwamba mpiga piano hupimwa kwa saa alizokaa imewavunja moyo watoto wenye vipaji.

Hebu sikiliza kinachopita ndani ya hizo saa nne. Mtoto anajifunza Für Elise ya Beethoven. Zile noti za mwanzo, ambazo hata jirani anazijua, zinatoka laini. Anafika pale noti zinapobanana na mkono wa kulia unatakiwa kukimbia: kidole kinakwama. Anasonya, anarudi mwanzo. Anafika palepale, anakwama palepale. Na Beethoven mwenyewe ameurudia mwanzo huo kabla hujafika pale pagumu, kwa hiyo hadi jioni mtoto amepiga anachokiweza mara nyingi mno, na asichokiweza amekigusa dakika chache tu, kila mara kwa kosa lilelile. Vidole havichagui, hukariri kile vilichokirudia. Haba na haba hujaza kibaba, sikatai, lakini kibaba hujaa pumba kama kinavyojaa mchele.

Nami nililelewa hivyo. Mwalimu wangu wa kwanza aliweka saa ya mezani juu ya piano, na kuinuka kabla ya muda lilikuwa kosa. Nilijifunza kuutazama mshale. Kifundo cha mkono kilipoanza kuuma niliambiwa ndiyo dalili ya kukomaa. Haikuwa kweli, na hakuna mtoto anayepaswa kuambiwa hivyo.

Badala ya kuhesabu saa, anzia pale unapokwama. Chukua noti tano au sita, mkono mmoja. Amua kidole kipi kinapiga noti ipi, kiandike kwa penseli, halafu zipige polepole hadi kukosea kuwe kugumu. Zikitulia, ongeza noti moja nyuma na moja mbele, kisha ulete mkono wa pili. Baada ya robo saa inuka, ukanywe maji. Kesho utashangaa mkono umekumbuka nini.

Watu hudhani kupiga polepole ni kwa wanaoanza. Abram Chasins, mpiga piano wa Marekani, aliwahi kufika kwa mpiga piano mashuhuri Rachmaninoff akamsikia kupitia mlangoni akifanya mazoezi. Noti zilikuja moja moja, polepole mno, hata asitambue ni wimbo gani. Ilikuwa etudi (kipande cha mazoezi) ya Chopin ya theluthi, yaani noti mbilimbili kwa mkono mmoja, mojawapo ya zile zinazotisha kwa kasi yake. Chopin naye, alipokuwa akifundisha Paris, aliwaonya wanafunzi wasizidishe saa tatu kwa siku. Hao ni watu waliojua piano kuliko mimi na wewe, na hakuna kati yao aliyeabudu saa ya ukutani.

Kwa hiyo mzazi, ukiwa jikoni ukasikia noti sita zilezile zikipigwa taratibu kutoka sebuleni, usipaaze sauti, "Sasa piga wimbo!" Ndiyo kwanza ameanza kuupiga.