Dawa Iliyomo Ndani ya Yai Haionekani kwa Macho, Sharti Ipimwe

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, zinazopakana na jiji la Dar es Salaam, zimekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa walishaji wa jiji hilo. Ukifuata barabara ya Morogoro kutoka Maili Moja hadi Mlandizi, au ukiupanda mlima wa Pugu kuelekea Kisarawe, utayaona mabanda ya kuku nyuma ya nyumba za watumishi, za wastaafu na za akina mama. Kazi hii imesomesha watoto na kujenga nyumba, nasi tunawapongeza wote wanaoifanya. Kwa sababu tunaithamini, hatuna budi kulizungumzia jambo moja linaloweza kuiharibu: mabaki ya dawa za viuavijasumu katika mayai na nyama ya kuku.

Jambo lenyewe huanza kwa njia ya kawaida kabisa. Mfugaji huamka akakuta kuku wanakoroma na utagaji umeshuka. Huenda katika duka la dawa za mifugo, akanunua oksitetrasaiklini, akaitia katika maji ya kunywa. Kila dawa ya namna hiyo ina siku zake za kusubiri, ambazo mayai hayapaswi kuliwa mpaka mwili wa kuku uwe umeitoa dawa. Lakini kuku hawangoji. Hutaga kila siku, na trei ya mayai 30 ni fedha ya chakula cha mifugo cha kesho. Mwenye kuku mia tatu akiambiwa ayatupe mayai ya wiki nzima, anaambiwa aupoteze mtaji wake. Si haki, basi, kumwita kila mfugaji mwovu. Tatizo hili ni la hesabu kabla ya kuwa la tabia, na ni lazima litatuliwe kama hesabu.

Madhara yake, hata hivyo, si ya mzaha. Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha kwamba vijidudu vikipewa dawa kidogo kidogo, kwa kiasi kisichoviua, hujifunza kuistahimili. Leo usugu huo umeenea duniani kote. Wataalamu wamekadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee watu wapatao milioni 1.27 walipoteza maisha kwa sababu ya maambukizi yaliyoshindwa kutibika kwa dawa. Banda linalonyweshwa dawa kila mara huweza kuwa shule ya vijidudu hivyo, na mabaki katika chakula huchangia ubaya huo. Taifa letu limelitambua hilo, ndiyo maana lilitunga mpango wa kupambana na usugu wa mwaka 2017 hadi 2022, na mwingine wa mwaka 2023 hadi 2028.

Swali ni hili: nani atajua kwamba yai hili lina dawa na lile halina? Mlaji hawezi. Dawa haibadilishi rangi ya kiini wala ladha ya chipsi mayai, na kupika hakuiondoi kwa uhakika. Mkaguzi wa soko, hata awe mwadilifu kiasi gani, naye hawezi kwa macho yake. Kinachoweza ni kipimo, na kipimo kinachoaminika zaidi katika kazi hii ni kromatografia ya kimiminika.

Jina ni gumu, lakini kazi yake inaeleweka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, aliupitisha utomvu wa majani katika bomba lililojazwa unga mweupe, akaona rangi zilizokuwa zimechanganyika zikitengana, kila moja ikishuka kwa mwendo wake. Mtambo wa leo hufuata kanuni hiyohiyo. Yai hupondwa na kuchanganywa na kimiminika kinachoivuta dawa na kuiacha protini. Maji yanayopatikana huchujwa, kisha pampu yenye nguvu huyasukuma katika bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa unga laini mno. Kila kilichomo hutoka kwa wakati wake, na kifaa cha mwanga kilichoko mwishoni huchora mlima mdogo kwa kila kinachopita. Wakati wa kutoka humwambia mtaalamu hii ni dawa gani. Ukubwa wa mlima, ukilinganishwa na ule wa dawa halisi ya kiasi kinachojulikana, humwambia ni kiasi gani.

Kiasi chenyewe ni kidogo sana. Kanuni za kimataifa za chakula huruhusu oksitetrasaiklini isiyozidi mikrogramu 400 katika kilo moja ya mayai, na 200 katika kilo moja ya nyama. Kwa yai la gramu 50, hizo 400 ni mikrogramu 20 tu, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Hakuna awezaye kubishana juu ya kiasi hicho kwa hisia.

Utaalamu huu si mgeni kwetu. Uchunguzi wa nyama ya ng'ombe katika wilaya ya Kilosa, uliochapishwa mwaka 2015, uliitafuta oksitetrasaiklini kwa mtambo wa namna hii. Maabara ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ilibaki na dawa na vifaa tiba ikawa TMDA, na usalama wa chakula ukahamishiwa Shirika la Viwango. Hivyo dawa anayopewa kuku iko chini ya ofisi moja, yai lake chini ya nyingine, kuku mwenyewe chini ya wizara ya mifugo, na afya ya mlaji chini ya halmashauri. Unguja na Pemba nako kuna Wakala wake wa Chakula na Dawa. Kila ofisi ina sheria yake. Hatari ni kwamba kila moja inaweza kudhani kuwa mwenzake ndiye anayepima.

Kwa maoni yetu, kazi igawanywe katika hatua mbili. Kwanza, uchujaji wa awali ufanyike karibu na mabanda, Kibaha na Kisarawe, kwa kipimo rahisi cha kuotesha bakteria katika kisahani: wasipoota pembeni ya sampuli, pana dawa. Kipimo hicho hakitaji jina la dawa wala kiasi chake, lakini ni cha bei nafuu. Pili, sampuli zilizotiliwa shaka tu ndizo zipelekwe kwenye mtambo mkubwa. Kwa njia hiyo fedha za umma hazitapotea, na hakuna mfugaji atakayehukumiwa kwa tetesi. Aidha, sampuli zichukuliwe kwa ratiba na matokeo yatangazwe. Wapimwe wafugaji wakubwa sawasawa na wadogo, na vipimwe pia vyakula vya kuku na dawa za madukani, kwani dawa hafifu humfanya mfugaji mwaminifu aongeze kipimo bila kujua.

Kadhalika, kinga ni bora kuliko tiba. Mdondo, unaofyeka mabanda mengi, huletwa na kirusi, na hakuna kiuavijasumu kinachoua kirusi. Anayetibu mdondo kwa oksitetrasaiklini hatibu mdondo wenyewe, na mabaki ya dawa anamwachia mlaji. Ilhali chanjo ya mdondo hutengenezwa papa hapa Kibaha, katika taasisi ya chanjo ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Maafisa mifugo waifikishe vijijini kabla ya kuku kukoroma, si baada yake.

Neno letu la mwisho ni kwa ndugu zetu wa visiwani. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani kama zilivyo Kibaha na Kisarawe. Trei ya mayai ikivuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, mnunuzi hana namna ya kulijua banda ilikotoka. Hana ila imani. Ni wajibu wa viongozi wa mkoa kuifanya imani hiyo iwe na msingi. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha Kibaha, chenye shule, zahanati na mafunzo ya wakulima, ili kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Mayai yenye dawa yanawaunganisha maadui hao watatu ndani ya ganda moja. Tuyapime, tuyatangaze tuliyoyaona, na tumsaidie mfugaji aifanye kazi yake kwa uaminifu bila kufilisika.