Sindano na Njia ya Misafara

Wako wasemao kwamba heroini na sindano ni balaa la Dar es Salaam na Unguja, wala Tabora haihusiki. Kauli hiyo yakanushwa na historia ya Tabora yenyewe. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Watemi walitoza hongo nguo na shanga; ndui ilipita bila kulipa. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 haikuifunga njia hiyo, bali iliirahisisha.

Wengine hudai kwamba kumpa mtumiaji sindano safi ni kumtia moyo katika uovu. Hoja hii ni dhaifu. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, B na C, husafiri katika damu iliyobaki sindanoni, kisha humfikia hata mwenzi asiyejidunga kamwe. Sindano safi haimfundishi mtu kujidunga, humkinga asiambukizwe.

Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Muhimbili hutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Dawa ya namna hiyo yamfaa nini mtu aliye mbali nayo? Homa ya ini B ina chanjo. C huponywa kwa vidonge vya majuma 12 hivi. Basi kila mji mkubwa wa njia hii, Tabora ukiwamo, wapasa kuwa na sindano safi, methadoni, vipimo na chanjo. Maradhi hayangoji tumalize kubishana nani astahili kutibiwa.