Tamko Kuhusu Wanafunzi Wetu na Mashindano ya Baiolojia Sanisi



Sisi wanachama wa chama cha wanafunzi na wahitimu wa baiolojia ya molekuli tunatoa tamko hili kwa sababu timu tuliyoilea mwaka mzima imeshindwa kumaliza mradi wake wa iGEM, mashindano ya baiolojia sanisi, na kosa halikuwa la wanafunzi.

Mashindano ya iGEM yalianzia chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2003, kama kozi ya mwezi mmoja. Mwaka 2004 zilishindana timu 5 tu. Siku hizi ni zaidi ya 300, lakini za Afrika bado ni chache mno. Wanafunzi huunganisha vipande vya vinasaba ambavyo kazi yake inajulikana, kama fundi apangavyo matofali, kisha huvitia ndani ya bakteria ili wafanye kazi mpya. Mwaka 2006 timu ya Edinburgh ilitengeneza bakteria wa kutambua aseniki kwenye maji ya kunywa, ikiwafikiria watu wa Bangladesh na visima vyao.

Vijana wetu waliona hapo jambo la kwao. Arusha na Kilimanjaro kuna maji yenye floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watoto wa huko ni ushahidi wa kutosha. Walitaka bakteria wabadilike rangi floraidi inapozidi, ili mama apime ndoo yake mwenyewe.

Vimeng'enya walivyoagiza kwa kazi hiyo hutunzwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kasha lilifika uwanja wa ndege likiwa na barafu kavu, likakaa siku tisa likisubiri kibali ambacho kila ofisi ilisema hutolewa na ofisi nyingine. Binti aliyekwenda kulichukua alilifungua palepale. Barafu ilikuwa imekwisha na vichupa vilikuwa vya vuguvugu. Hata hivyo aliandika tarehe juu ya kila kifuniko, kama tulivyomfundisha, akavipeleka maabara. Kimeng'enya cha kukata vinasaba hakikukata kitu. Fedha iliyovinunua ilikuwa mchango wa wanafunzi wenyewe, wengine wakitoa kwenye pesa ya kula.

Tunaitaka serikali iweke dirisha moja la vibali vya shehena za utafiti zinazoharibika, na shehena hizo zitoke ndani ya saa 48. Tunavitaka vyuo vikuu viingize ada ya kusajili timu, ambayo ni maelfu ya dola, kwenye bajeti, na saa za mhadhiri anayeisimamia timu zihesabiwe kama saa za kufundisha.

Tunajua wapo wanaoogopa viumbe waliobadilishwa vinasaba. Hofu hiyo tunaiheshimu, na hatuombi kulegezewa sheria yoyote ya usalama. Kanuni za iGEM zenyewe zinakataza kuwatoa viumbe hao nje ya maabara, na majaji huuliza kama timu ilizungumza na watu wanaohusika. Wetu walikwenda vijijini kabla ya kugusa kichupa chochote, na bibi mmoja aliwauliza bakteria hao watakwenda wapi baada ya kupima. Swali hilo ndilo lililowafanya wabuni kifaa kilichofungwa.

Timu mpya imekwisha kuundwa na inaandaa orodha ya vifaa. Tunaomba majibu kwa maandishi kabla agizo lake halijatumwa.

Imetolewa na Kamati Tendaji.