Kabla ya Theluji ya Alps, Waleteni Kwanza Watoto Mweru



Ndugu wazazi, wiki mbili hizi nyumbani kwetu Kashikishi hapazungumzwi jambo jingine ila theluji. Mdogo wetu wa kike anayeishi Grenoble, Ufaransa, ametutumia ujumbe mrefu akituomba sote, yaani sisi ndugu watatu tulioko huku pamoja na watoto wetu, tumfuate mwezi wa Februari tukapumzike naye wiki moja katika milima ya Alps. Picha nazo zikafuata: wapwa zetu wamevaa kofia ngumu na miwani mikubwa, wameshika fimbo, nyuma yao milima myeupe kama unga wa muhogo uliomwagwa. Wanangu wamezitazama mpaka simu ikaisha chaji. Nami sitaficha, nilitamani pia.

Hata hivyo nimekaa nikapiga hesabu, nikazungumza na mama yetu, na rai yangu ni kwamba safari hiyo isiwepo kwa sasa. Waje wao kwanza. Najua baadhi ya wasomaji wataniona mtu wa wivu, au mtu aliyezoea ziwa akadhani dunia inaishia Chiengi. Basi nisikilizeni kwanza.

Mama yetu anakaribia miaka themanini na magoti hayamwachii kwenda mbali. Wajukuu wake wawili wa Grenoble hajawahi kuwashika mkono. Kila Ijumaa wakipiga simu wanasema "Shikamoo Bibi", naye anaitikia "Marahaba wajukuu zangu, mmekula?", halafu kimya. Kiswahili chao kimeishia hapo. Mama yao hufasiri kidogo, kisha simu inarudi kwa watu wazima. Sasa sisi tuna mfuko wa familia tunaochangia kila mwezi, na safari hii ingeumaliza wote. Kwa hiyo fedha tuliyoiweka pamoja ingempeleka kila mtu kwenye theluji isipokuwa yeye mmoja. Nilipomwambia hivyo kaka yetu aliyeko Lubumbashi alinyamaza, kisha akasema watoto nao wana haki ya kuona Ulaya. Kweli wanayo. Ila mama hana miaka mingi ya kusubiri zamu yake.

Hebu tuitazame safari yenyewe, kwani wengi huona picha tu. Mahali dada anapopataka panaitwa Les Trois Vallées, yaani mabonde matatu, na mna miji ya Courchevel, Méribel, Les Menuires na Val Thorens, ambayo peke yake iko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Njia za kutelezea zimeunganishwa zikafika kilomita 600, na mtu hununua tiketi moja ya kupanda lifti zote za mabonde yote. Tiketi hiyo kwa siku 6 ni zaidi ya euro 350 kwa mtu mzima. Bado kukodi ski na viatu vyake, bado mavazi (nani hapa Nchelenge ana koti la theluji?), bado mwalimu, kwa sababu asiyewahi kuteleza hawezi kujifunza kwa kutazama wenzake. Na huyo anayeanza hazunguki kilomita 600. Hukaa wiki nzima kwenye kimlima kimoja cha watoto, akianguka na kuinuka, hali ya kuwa amelipia milima yote.

Kabla ya hayo kuna viza. Tangu Juni 2024 ombi la viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukinyimwa hazirudi. Sisi tuko kumi na mmoja. Kutoka hapa hadi Lusaka tu ni kama kilomita elfu moja. Wakati huohuo Zambia, tangu mwishoni mwa mwaka 2022, imewaondolea viza watalii wa nchi za Umoja wa Ulaya. Wao wakija hupigiwa muhuri mlangoni. Sisi tukienda tunabeba taarifa za benki. Sisemi hivi kwa uchungu (labda kidogo), nasema familia yenye akili hupita mlango ulio wazi.

Tena kuna kalenda. Ufaransa shule hufunga kwa zamu za kanda ili milima isijae, na zamu hizo ni Februari mpaka mwanzoni mwa Machi. Huku kwetu huo ni muhula wa kwanza, watoto wako darasani. Na Ramadhani je? Ya mwaka 2026 ni ya kuanzia tarehe 18 au 19 Februari kwa kutegemea mwezi kuandama, na ya 2027 ni takriban tarehe 8 Februari. Atakayepanga safari ya theluji kwa miaka hiyo bila kutazama mwezi atajikuta amelipia lifti naye amefunga. Chakula cha kule nacho kina mitego: jibini ya kuyeyusha inayoitwa fondue hupikwa kwa mvinyo mweupe, na tartiflette, viazi vya jibini vinavyopendwa na watoto, huwekwa vipande vya nguruwe. Familia zetu zilizoko huko hulijua hili, hukodi nyumba yenye jiko na kubeba nyama yao. Mgeni hulijua akishakula.

Sasa kuja kwao huku. Hapa lazima nikiri kosa letu, maana nisiposema watoto watanisuta. Mwaka jana tuliwaahidi watoto kuwatembeza kwenye maporomoko ya mkoa wetu wa Luapula. Tukataka yote kwa siku moja: Ntumbachushi karibu na Kawambwa, kisha Lumangwe na Kabwelume kwenye mto Kalungwishi, halafu kurudi Kashikishi kulala. Tulitoka baada ya Alfajiri na mikate sita. Ntumbachushi tulikaa dakika ishirini, nikiwaharakisha. Mbele ya Kawambwa gurudumu likapasuka, na la akiba halikuwa na upepo. Lumangwe tuliifikia jua likizama, Kabwelume hatukuiona, na tulirudi usiku wa manane watoto wakilia njaa. Binti yangu wa miaka tisa alisema, "Baba, tumeona barabara." Tulifanya kama yule anayenunua tiketi ya mabonde matatu akashinda kwenye lifti.

Lumangwe haistahili haraka hiyo. Ni ukuta wa maji wa mita zaidi ya 30, maji yake hayakauki mwaka mzima, na watu humwita ndugu mdogo wa Victoria Falls. Kabwelume iko mbele kidogo kwenye mto uleule, maji yameizunguka nusu duara. Mbili hizi zinataka siku mbili na usiku mmoja wa kulala huko. Ntumbachushi ipewe siku yake. Siku nyingine zote, rai yangu ni kutulia mahali pamoja, hapa ziwani kwa Bibi. Watoto waamke naye, wamchotee maji ya kutawadha, waanike naye chisense, yaani dagaa wetu. Kiswahili kitawaingia kwa njia hiyo, si kwa kuhamishwa kila asubuhi na masanduku garini.

Wakati mzuri ni Agosti, shule za Ufaransa zimefungwa na zetu pia, mvua hakuna na barabara ni kavu. Wakiweza kuwahi mwishoni mwa Julai watakuta Mutomboko kule Mwansabombwe, Mwata Kazembe akicheza mbele ya watu wake, lakini vyumba vya kulala siku hizo hushikwa mapema sana. Desemba msiwalete. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaane, na kuja Mweru bila samaki mbichi ni sawa na kwenda Alps bila theluji.

Njia pia ipangwe. Ile fupi ya Pedicle hupita ndani ya Kongo, na ingawa daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008 limetuondolea pantoni, wenye pasi za Ufaransa watahitaji viza ya Kongo. Wapitie Serenje na upande wa Samfya, walale njiani. Msafiri ana ruhusa yake katika sala, hana sababu ya kuendesha gari usiku ili awahi.

Jambo la afya nalisema kwa uzito wote. Wilaya yetu ni miongoni mwa zenye malaria nyingi kabisa Zambia. Watoto waliozaliwa Ulaya hawana kinga yoyote, basi daktari wa kule awape dawa za kuzuia kabla hawajapanda ndege, na huku walale ndani ya chandarua hata kama baridi ya Agosti imefukuza mbu. Homa ikianza wasisubiri kesho, hospitali ya St Paul's iko hapa hapa Kashikishi. Ziwani kuna kichocho na kuna mamba, kwa hiyo hakuna kuogelea ufukweni ati kwa kuwa watoto wa hapa wanaogelea. Na wakitaka kuona kisiwa cha Kilwa, wavuke asubuhi kabla ya upepo, kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea maisha. Mwenye mashua asiye na majaketi, mwambieni ahsante. Wapwa zetu kule huteleza wamevaa kofia ngumu, kwa nini huku tuwapandishe mashua kwa Bismillahi pekee?

Nimeambiwa kuwa ninawanyima watoto theluji. Siwanyimi. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya katika mashindano ya ski ya Olimpiki kule Korea Kusini, kwa hiyo theluji si ya watu fulani tu. Lesotho nako kuna kituo cha Afriski, juu ya mita 3,000, ambako theluji huwa Juni hadi Agosti na hakuhitaji Schengen. Wanangu wakikua, wakiwa na fedha zao, waende na Val Thorens yenyewe. Fedha ya mfuko huu ndiyo ninayoisemea.

Jana nimemwandikia dada barua kwa mkono, nikaipiga picha nikamtumia. Nimempendekezea wiki tatu za Agosti, na mfuko wa familia ulipie gari kutoka Lusaka na dawa za watoto. Hajajibu bado, ingawa alama za bluu zinaonyesha ameisoma. Mama hakungoja jibu. Leo asubuhi nimemkuta ameagiza mikeka miwili mipya sokoni, ananiuliza watoto wa Ulaya hulala upande gani wa chumba, karibu na dirisha au karibu na mlango.

Wassalaam.