Jamaa ya Askari Ihamiapo Kamenge

Uhamisho ni sehemu ya maisha ya askari. Amri hutoka, mizigo hufungwa, na baada ya siku chache jamaa nzima hujikuta katika mtaa ambao hata jina lake hawajazoea kulitamka. Askari mwenyewe huwa na nafuu, kwani kazini hukuta wenzake, saa za zamu na mkubwa wa kumwelekeza. Mzigo wa ugeni humwelemea mkewe. Yeye ndiye asiyejua sokoni pa kununua ndagala wazuri ni wapi, wala mlango wa nani waweza kubishwa usiku mtoto akishikwa na homa.

Tuchukue mfano wa Kamenge, mtaa wa kaskazini ya Bujumbura, nchini Burundi. Lugha ya wote ni Kirundi, lakini Kiswahili nacho husikika sana. Wapo waliorudi kutoka Tanzania, ambako wazazi wao walikimbilia mwaka 1972, na wapo waliotoka upande wa pili wa mpaka, Kongo. Makanisa ni mengi: Wakatoliki, Wapentekoste, Wamethodisti na wengineo. Kwa mama Mkristo aliye mgeni, hakuna mahali pa kukutana na watu wengi kwa siku moja kama kanisani.

Hata hivyo, jamaa ya askari iingiayo Kamenge haina budi kujua kumbukumbu za mtaa huo. Tarehe 21 Oktoba 1993, askari walimwua Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwezi Juni mwaka huo huo, na vita vikafuata. Mwaka 1995 jeshi liliingia Kamenge, wakazi wakakimbia na nyumba nyingi zikabaki magofu. Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi Agosti 2000, na mwishoni mwa 2004 zikatungwa sheria za kuunda jeshi jipya na polisi mpya, wenye Wahutu na Watutsi pamoja. Askari wa leo si wale wa jana. Lakini mama asishangae jirani akinyamaza ghafla aonapo magwanda yameanikwa kambani. Huenda jirani huyo alifiwa miaka ile, naye hana njia ya kumjua aliyehamia juzi ila kwa kumtazama anavyoishi.

Yafuatayo yatamsaidia.

Kwanza, maandalizi yaanze kabla ya safari. Mkatoliki achukue vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na kama mtoto yumo katika mafundisho, aombe barua ionyeshayo alipofikia, asije akaanzishwa upya. Katika makanisa ya Kiprotestanti, barua ya mchungaji humfungulia mgeni mlango mapema.

Pili, asikimbilie kuchagua. Ahudhurie Jumapili mbili tatu, asikilize mahubiri, aone kama wageni huulizwa hali zao. Kanisa liulizalo sadaka kabla ya kuuliza jina, na liahidilo miujiza kwa malipo, na aliache. Tena asichague kanisa kwa sababu tu wake wa askari wengine husali huko. Ni vema kuwa nao, lakini wao watahamishwa kama yeye. Wenyeji ndio watakaobaki, na ndio wanaojua mtaa.

Tatu, ibada ikiisha asitoke mbio. Urafiki huanzia uani, watu wanaposalimiana. Aseme "Mwaramutse" asubuhi na "Mwiriwe" mchana, hata kama matamshi yanapinda. Watacheka, kisha watamsahihisha, na mazungumzo yatakuwa yameanza. Mama mtu mzima akimwuliza, "Mwanangu, ndio mmehamia hapa?" ajibu kwa heshima, "Ndiyo, mama, sisi ni wageni, tufundisheni."

Nne, aombe kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akiwa na sauti aingie kwaya. Asipokuwa nayo, kufagia kanisa hakuhitaji sauti. Tena Kamenge kuna hospitali kubwa ya Chuo Kikuu, na wagonjwa hutegemea ndugu zao kwa chakula. Atokaye mbali asiye na ndugu mjini hufurahi mno kupelekewa uji. Wanawake wawili waliobeba chupa ya uji hadi wodini hurudi wakiwa wamefahamiana kuliko waliokaa benchi moja mwaka mzima.

Tano, urafiki usiishie kwa wa dini moja. Jirani Mwislamu akifiwa, aende matangani. Vijana nao watafutiwe mahali pao. Mwaka 1991 mapadre Waxaveri walianzisha Centre Jeunes Kamenge, yenye michezo na masomo, ili vijana wa Kihutu na wa Kitutsi wa mitaa ya kaskazini wakutane. Kazi hiyo iliendelea wakati wa vita, na mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Pamoja na ukarimu wote huo, mke wa askari achunge ulimi. Zamu za mumewe, safari zake na maneno ya kambini si habari za kusimulia kisimani wala kanisani. Asikopekope kwa marafiki wapya, na ya siasa awaachie wenyewe.

Mume naye ana wajibu. Apatapo likizo avae nguo za kiraia, afuatane na mkewe kanisani, asalimie majirani, na mtaani kukiwa na msiba asaidie kubeba. Mtu aliyemwona akichimba kaburi la baba yake hatamwogopa tena atakapomkuta amevaa sare.

Hayo yote huchukua miezi, na huenda amri nyingine ya uhamisho ikaja wakati mama ndiyo kwanza ameanza kuzoea. Asione amepoteza bure. Aage kanisani, achukue barua yake, apite kwa majirani nyumba kwa nyumba. Baada yake atakuja mke wa askari mwingine, na namna atakavyopokelewa Kamenge itategemea jinsi huyu wa kwanza alivyoishi.