Kikokotoo huanzia kwenye kaunti

Dola 14,000 hutajwa kana kwamba kila kaya ya Marekani itazifutika kibindoni. Hicho ni kikomo tu cha punguzo la vifaa vya umeme lililowekwa na sheria ya 2022, na wengi hawatakikaribia.

Hesabu huanzia kwenye mapato ya kati ya eneo, ambayo Wizara ya Nyumba huyapanga kwa kaunti na kwa idadi ya watu nyumbani. Kaya iliyo chini ya asilimia 80 ya kiwango hicho hulipiwa gharama yote, mradi isipite kikomo cha kifaa husika. Iliyo kati ya 80 na 150 hulipiwa nusu. Juu ya hapo, patupu. Ndiyo maana mshahara uleule unaweza kumwingiza mtu kwenye mpango akiwa San Francisco, ukamfungia nje akiwa kijijini Mississippi.

Vikomo ndivyo vinavyowapiga watu chenga. Pampu ya joto imewekewa dola 8,000. Ikigharimu 12,000 pamoja na ufundi, kaya ya kipato cha chini hupata 8,000, ya kipato cha kati 6,000. Bei ikifika 16,000, zote mbili hupata 8,000 sawasawa! Hita ya maji ya teknolojia hiyohiyo ina 1,750, jiko 840.

Na aliyekwisha kununua kabla jimbo lake halijaanza (New York ilitangulia, Mei 2024) asijisumbue: kwa punguzo hili la vifaa, risiti za zamani hazipokelewi.